Filta ya hewa ya lori ibadilishwe lini? Usiulize macho, uliza kipimo

Kwenye gereji nyingi za malori, filta ya hewa inabadilishwa kwa mojawapo ya njia mbili. Fundi anaifungua, anaona imekuwa nyekundu kwa vumbi, anaitupa au anaipuliza kwa kompresa na kuirudisha. Au hakuna anayeigusa mpaka gari lianze kutoa moshi mweusi mlimani na dereva alalamike kuwa halivuti. Njia zote mbili zinaumiza injini, na ile ya kwanza, inayoonekana ya kujali, mara nyingi ndiyo inayoua ringi za pistoni na laina (kuta za silinda) mapema zaidi.

Filta ya hewa inatakiwa kubadilishwa kwa kuangalia ni kwa ugumu kiasi gani injini inavuta hewa kupitia humo. Ugumu huo unapimika kwa kifaa ambacho malori mengi tayari yanacho, na ambacho madereva wengi hupita mbele yake kila asubuhi bila kukitazama.

Kwanza tuone kazi yenyewe ilivyo kubwa. Injini ya lita 13 ikizunguka mara 1,800 kwa dakika ingemeza lita 11,700 za hewa kila dakika hata kama isingekuwa na turbo. Turbo ikishindilia hewa gari likiwa na mzigo, kiasi hicho kinaweza kufika maradufu, yaani mita za ujazo zaidi ya 20 kwa dakika moja. Lita moja ya dizeli inahitaji hewa isiyopungua lita 10,000 ili iungue, na injini ya dizeli huvuta zaidi ya kiwango hicho kwa sababu hufanya kazi ikiwa na hewa ya ziada. Sasa lipeleke gari hilo kwenye milima ya Kitonga au Sekenke likiwa na tela lililojaa, halafu lipeleke barabara ya moram mwezi wa Agosti. Yote yaliyomo kwenye hewa hiyo yanapita kwenye karatasi yenye mikunjo iliyofungiwa ndani ya kopo moja.

Vumbi la barabara zetu lina chembe nyingi za mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko chuma cha laina. Chembe zinazoharibu zaidi si zile unazoziona zimelala chini ya kopo. Ni zile za kati ya maikroni 5 na 20 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), ambazo jicho halizioni, na ambazo zinaweza kuziba nafasi yote inayokaliwa na utando wa oili kati ya ringi na laina. Kubwa kuliko hizo hunaswa kirahisi. Ndogo zaidi nyingi hupita ndani ya utando wa oili bila kugusa pande zote mbili. Za katikati ndizo zinazokwangua.

Filta chafu huchuja vizuri kuliko mpya

Jambo hili watu wengi hulikataa wanapolisikia mara ya kwanza, lakini ndivyo filta za karatasi zinavyofanya kazi. Filta ikiwa mpya, vitundu vyake viko wazi na kiasi kidogo cha vumbi laini hupenya. Baada ya muda vumbi lililonaswa linatengeneza utando juu ya karatasi, na utando huo nao unakuwa kichujio. Kwa hiyo filta iliyofanya kazi kwa kiasi fulani inazuia chembe ndogo vizuri kuliko ile iliyotoka kwenye boksi leo. Kinachopungua ni urahisi wa hewa kupita, na hilo huja polepole.

Ndiyo maana kubadilisha kila servisi ya oili "kwa usalama" ni hasara mara mbili. Unatupa filta ikiwa imefikia ubora wake, na unafungua kopo bila sababu. Kila kopo linapofunguliwa, vumbi lililokaa juu ya mfuniko na kuta za ndani hupata nafasi ya kuangukia upande safi. Kijiko kimoja cha vumbi kikiingia kwenye bomba la turbo ni kingi kuliko kile ambacho filta nzuri ingeruhusu kwa muda mrefu sana.

Kile kichupa chenye kioo

Kwenye kopo la filta, au kwenye bomba linalotoka humo kwenda kwenye turbo, tafuta kichupa kidogo cha plastiki chenye dirisha. Ndani kuna pistoni ndogo, mara nyingi ya njano au nyekundu, na pembeni kuna mistari yenye namba. Hicho ndicho kiashiria cha mvuto. Kinapima jinsi injini inavyolazimika kunyonya hewa, kwa inchi za maji (urefu ambao mvuto huo ungeinua maji) au kwa kilopaskali. Malori mapya zaidi yana sensa badala ya kichupa, na taarifa huonekana kwenye dashibodi.

Kwa injini nyingi za turbo, mfumo ukiwa safi husoma kati ya inchi 10 na 15 za maji, sawa na kilopaskali 2.5 hadi 3.7. Kikomo cha kubadilisha filta kwa nyingi kati ya hizo ni inchi 25, yaani kilopaskali 6.2. Baadhi ya injini zina kikomo cha chini ya hapo, hivyo kitabu cha gari lako ndicho chenye kauli ya mwisho. Ukiona kilopaskali 5, nunua filta na uiweke tayari. Usisubiri 6.2 ikukute njiani ambako duka la karibu linauza filta usiyoijua.

Kiashiria kisomwe baada ya injini kufanya kazi nzito. Turbo haivuti hewa nyingi gari likiwa limesimama, hata ukikanyaga mafuta mpaka mwisho. Lori lenye filta iliyoziba kabisa linaweza kuonyesha kijani likiwa sailensa, yaani injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta. Pistoni ya kichupa imetengenezwa ikwame pale ilipofika juu kabisa, kwa hiyo panda mlima na mzigo, ukifika juu simama na usome. Ukimaliza kusoma, bonyeza kitufe cha kichwani ili pistoni irudi chini, halafu uendelee. Injini za zamani zisizo na turbo, zile za Fuso na Isuzu za miaka ya nyuma, hizo unaweza kuzisoma gari limesimama kwa kuzungusha injini mpaka mwisho, kwa sababu uvutaji wao unafuata mizunguko tu.

Kuna kosa linalowapata hata mafundi wazuri: kiashiria hakijawahi kupanda kwa miezi sita na watu wanafurahi kuwa filta bado ni nzuri. Huenda kichupa kimekufa, kitundu chake kimezibwa na vumbi, au hewa inapita pembeni ya filta. Kifungue na ukivute kwa mdomo. Pistoni ipande mpaka mwisho na ikwame hapo. Isipopanda, nunua kingine, si kitu cha bei kubwa.

Kama gari halina kiashiria

Tengeneza kipimo cha maji. Chukua ule mpira mwembamba unaoonyesha ndani ambao mafundi ujenzi hupimia levo, mita 7 zinatosha. Ufunge kwenye ubao wenye urefu wa mita 1.2, ushuke upande mmoja na kupanda upande wa pili. Weka maji yenye rangi kidogo mpaka sentimita 60 kila upande. Ncha moja iache wazi, na ncha ya pili iunganishe kwenye tundu la kiashiria kati ya filta na turbo, ukiipitisha mbali na turbo yenyewe kwa sababu ya joto. Hakikisha mpira haujabanwa na kabini au dirisha.

Mtu mmoja aendeshe, mwingine akae na ubao kabini na rula mkononi. Mkipanda mlima na mzigo, injini ikivuta kwa nguvu zote, pima tofauti ya maji kati ya pande mbili. Sentimita 25 hadi 38 ni mfumo safi. Sentimita 51 ni sawa na kilopaskali 5. Sentimita 63.5 ni inchi 25, na hapo filta imemaliza kazi. Usifupishe ubao, maana maji yakipanda mpaka juu yatanyonywa kwenda kwenye turbo. Mkimaliza, ziba lile tundu kwa boliti yenye nyuzi sahihi. Tundu likibaki wazi liko upande safi, na kila kitakachoingia hapo kinaenda moja kwa moja kwenye silinda.

Kipimo hicho hicho kinakuambia mengine. Ukiweka filta mpya na bado maji yakafika sentimita 50, tatizo liko kabla ya filta au filta uliyonunua ni ndogo. Angalia wavu wa juu ambako hewa inaingilia: mifuko ya plastiki, majani, kiota cha ndege. Magari yanayobeba pamba ya Simiyu na Shinyanga huziba hapo kwa nyuzi kabla filta yenyewe haijachoka. Angalia pia mpira wa hewa uliolegea kwa ndani. Kwa nje unaonekana mzima, lakini tabaka lake la ndani limejitenga na linajikunja injini inapovuta kwa nguvu.

Basi ni kilomita ngapi?

Swali hili halikwepeki, na jibu la kweli ni kwamba barabara ndiyo inayoamua. Lori la lami tupu, tuseme Dar es Salaam hadi Tunduma au Mombasa hadi Malaba, linaweza kwenda makumi elfu mengi ya kilomita na kikomo kisifikiwe. Gari hilo hilo ukilipeleka kubeba makaa ya mawe kutoka Ngaka, au likaingia barabara za migodi upande wa Lubumbashi na Kolwezi, filta inaweza kuisha kwa sehemu ndogo tu ya umbali huo. Tipa la kokoto linalozunguka ndani ya machimbo halipaswi hata kuhesabiwa kwa kilomita. Hesabu saa za injini.

Namba iliyoandikwa kwenye ratiba ya servisi ya Ulaya imepangwa kwa barabara za Ulaya. Tengeneza ya kwako: kila unapobadilisha, andika kilomita na usomaji wa kiashiria. Baada ya mabadiliko machache kwenye njia ile ile utakuwa na umbali wako halisi, wa kiangazi na wa masika, kwa sababu haviwezi kuwa sawa. Kuanzia Juni hadi Oktoba vumbi ni lingi, na filta inaisha mapema.

Jihadhari na hesabu ya mstari mnyoofu. Mvuto haupandi kwa kasi moja. Unakaa chini muda mrefu, unapanda kidogo kidogo, halafu mwishoni unaruka. Kama kiashiria kimetoka 3 mpaka 4 kwa kilomita 20,000, usijipe kilomita nyingine 40,000 mpaka 6. Ukishapita 5, soma kila safari.

Hata kama kiashiria hakijafika, mwaka mmoja hadi miwili ni umri wa kutosha kwa karatasi na gundi, kulingana na kitabu chako. Karatasi inachoka kwa unyevu na mtikisiko, na sili ya mpira inakakamaa.

Kuchelewesha nako kuna gharama zake. Hewa ikipungua, dizeli haiungui yote: moshi mweusi, nguvu kidogo, joto la ekzosi juu. Mvuto ukizidi sana mbele ya turbo, oili hunyonywa kupitia sili ya shafti yake na kuingia kwenye mabomba ya hewa na intakula (kipoza hewa). Watu hubadilisha turbo kwa sababu hiyo, wanafunga mpya, na mwezi unaofuata nayo "inavuja". Filta iliyolowa na kuziba inaweza hata kubonyea kuelekea ndani na kupasuka, na hapo vumbi lote lililokusanywa linakwenda kwenye injini kwa mkupuo.

Kuhusu kupuliza

Kompresa ya gereji ina shinikizo la baa 8 mpaka 10. Karatasi ya filta haikutengenezwa kwa hilo. Ukipuliza kwa nguvu hiyo unatoboa vitundu usivyoviona na kuachanisha mikunjo, na filta inayoonekana imesafishika inaruhusu zile chembe za maikroni 10 zipite. Filta za kisasa zenye utando mwembamba sana wa nyuzi juu ya karatasi zinaharibika upesi zaidi, kwa kuwa utando huo ndio unaofanya kazi kubwa na ndio unaopeperushwa kwanza.

Watengenezaji wengi wa filta hawataki zipulizwe kabisa. Wapo wanaoruhusu kwa masharti: vitabu vya baadhi ya injini za Caterpillar, kwa mfano, vinaruhusu filta ya nje isafishwe isizidi mara 6, na shinikizo la upepo lisizidi kilopaskali 207, sawa na baa 2 au psi 30. Kama kitabu chako kinaruhusu na huna namna nyingine, basi upepo uwe mkavu, uanzie ndani kwenda nje, ncha ikae mbali kidogo na karatasi na ifuate mikunjo. Kisha ingiza taa ndani ya filta mahali penye giza. Ukiona nukta moja tu ya mwanga unaopenya, itupe. Weka alama ya kalamu kila inaposafishwa, maana kumbukumbu ya kichwani haifai hapa.

Kuigonga kwenye tairi ni kubaya kuliko kupuliza. Kifuniko cha chuma kikipinda, sili haikai tena sawasawa, na gundi inayoshika mikunjo inapasuka. Kuosha kwa maji na sabuni ya unga kunavimbisha karatasi. Na filta iliyoloa moshi wa ekzosi au mvuke wa oili haisafishiki kwa upepo wowote. Ukiikuta nyeusi na inanata, tafuta ekzosi inayovuja karibu na mahali hewa inapoingilia, au brizata (bomba la kupumulia la injini) inayopumua sana.

Filta ya ndani

Malori mengi makubwa yana filta mbili. Ile ndogo ya ndani haipo pale kuongeza usafi. Ni mlinzi wa pale ya nje inapopasuka, au unapoitoa kubadilisha. Haisafishwi hata siku moja, kwa sababu vumbi lolote utakalolitikisa linaangukia upande safi. Kawaida yake ni kubadilishwa kila mara ya tatu ya filta ya nje, au mara moja kwa mwaka, na wakati wa mabadiliko ya nje iache mahali pake ilinde bomba.

Ila ukiikuta na vumbi, usiibadilishe tu ukaondoka. Filta ya ndani iliyochafuka inasema ya nje inavujisha. Tafuta wapi.

Kuna wanaoitoa kabisa ili "gari lipumue". Kwa hilo wanaokoa mvuto kidogo sana na kubaki bila kinga yoyote siku filta ya nje itakapopasuka.

Kimpira cha chini

Chini ya kopo nyingi kuna kimpira chenye midomo miwili iliyobanana kama domo la bata. Kazi yake ni kutema vumbi zito ambalo mzunguko wa hewa ndani ya kopo umelitupa pembeni kabla halijaifikia karatasi. Injini ikipunguza mwendo au ikizimwa, midomo inafunguka na vumbi linaanguka. Tandiboi akibinye kila asubuhi. Vumbi likidondoka, kinafanya kazi. Kikiwa kigumu, kimepasuka, kimeziba kwa tope, au hakipo kabisa, vumbi linajaa kopo na filta inaisha haraka mno. Kopo lisilo na kimpira linavuta hewa yenye vumbi ya chini, karibu na magurudumu. Kabla hujalaumu filta kwamba haidumu, angalia hapo.

Tipa nyingi za Kichina huja na kopo la ziada lenye oili mbele ya filta ya karatasi. Oili ijazwe mpaka kwenye mstari, si juu yake. Ikizidi inavutwa na kulowesha karatasi, ikipungua hainasi kitu. Ikigeuka tope, imwage, osha wavu kwa dizeli, uache ukauke, weka oili mpya.

Namna ya kubadilisha

Zima injini. Futa kopo na mfuniko kwa kitambaa chenye unyevu kabla ya kufungua, usipulize. Fungua lachi au nati ya masikio, toa filta ya nje taratibu huku ukiizungusha kidogo ili sili iachie, na uiweke pembeni bila kuigonga.

Sasa isome, maana ina habari zake. Kwenye sili, vumbi liishie upande wa nje. Ukiona mstari mwembamba wa vumbi umevuka sili kuelekea ndani, hewa ilikuwa inapita hapo. Vumbi likiwa limejaa upande mmoja tu, pengine mfuniko umefungwa vibaya au maji yameingia. Karatasi ya kahawia yenye mawimbi imelowa: angalia matundu ya kutolea maji kwenye bomba la juu. Kwa malori yanayoinua kabini, angalia pia ule mpira wa akordioni unaounganisha bomba la nyuma ya kabini na kopo. Ukichanika, gari linaacha hewa safi ya juu na kunyonya ya moto yenye vumbi kutoka chini.

Futa ndani ya kopo kwa kitambaa chenye unyevu, zaidi pale sili inapokaa. Pitisha kidole mahali hapo. Ukihisi mchanga hata kidogo, futa tena. Kingo iliyobonyea au yenye kutu haitafunga filta yoyote hata ya bei gani.

Linganisha mpya na ya zamani: urefu, kipenyo cha nje, kipenyo cha tundu. Filta iliyo fupi kwa milimita chache inaingia vizuri, mfuniko unafunga, na haibanwi. Huo ni uvujaji usioonekana mpaka injini iishe. Sili ibonyee kwa kidole na kurudi, mikunjo iwe imepangika kwa nafasi sawa, gundi isiwe na mapengo. Filta bandia mara nyingi hujulikana kwa mikunjo michache, kwa hiyo karatasi ni kidogo na itaziba upesi, na kwa sili ngumu kama ya plastiki. Usiipake grisi sili isipokuwa mtengenezaji amesema.

Ingiza kwa kusukuma ukingo wa nje kwa viganja, pande zote, usisukume katikati. Usitumie mfuniko kuishindilia filta iingie. Ikiwa aina yako inafungwa kwa nati ya masikio katikati, angalia washa yake ya mpira. Washa iliyokatika ni tundu la moja kwa moja kwenda upande safi, na kwenye malori ya aina hiyo ndiyo sehemu ya kwanza ya kushuku. Fungisha mfuniko huku kimpira cha domo kikitazama chini kabisa.

Kisha fuata bomba mpaka kwenye turbo, klampu moja baada ya nyingine. Usikague kwa macho, kamata mpira uuzungushe. Ukizunguka, klampu imelegea. Pinda mpira uone nyufa za upande wa chini ambako hapatazamwi. Kwenye injini ambazo kompresa ya breki inavuta hewa yake kutoka kwenye bomba hilo, angalia na kile kipira chembamba. Kikichomoka, injini inakula vumbi ikiwa na filta mpya kabisa.

Bonyeza kitufe cha kiashiria. Andika kwenye kichwa cha filta, kwa kalamu ya rangi, tarehe na kilomita.

Kujua kama vumbi limeshapita

Fungua mpira wa kuingilia turbo na ufute ndani kwa kidole au kitambaa cheupe. Bomba la baada ya filta linatakiwa liwe safi. Oili nyepesi kutoka brizata kwenye baadhi ya injini ni kawaida, lakini vumbi si kawaida. Kama una shaka na hulioni tundu, safisha bomba, paka utando mwembamba wa grisi ndani, funga, na baada ya siku chache za kazi fungua uangalie. Vumbi lililoganda kwenye grisi linakuonyesha njia: fuata michirizi kurudi nyuma mpaka inapoanzia.

Tazama mapanga ya turbo upande wa hewa. Mapanga yaliyoliwa na vumbi yana kingo butu, zimesagika sawasawa. Yakiwa yamekwanguka kwa kipande cha chuma huonyesha mikato mikubwa michache. Ukiona ya kwanza, usifunge turbo mpya kabla hujapata tundu.

Kwa wenye magari mengi, kupima oili maabara kunalipa. Silikoni ikipanda pamoja na aluminiamu, huo ni udongo, kwa sababu udongo unavyo vyote viwili. Chuma na kromiamu zikifuata, laina na ringi zimeanza kusagika. Silikoni peke yake kwenye injini iliyofanyiwa ovahoo karibuni huenda ikatoka kwenye silikoni ya kuzibia gasketi, na oili mpya nyingine zina kiasi kidogo cha dawa ya kuzuia povu yenye silikoni. Kwa hiyo pima oili mpya kwanza upate mahali pa kuanzia, halafu linganisha servisi kwa servisi.

Injini ikishaanza kupumua sana kwenye brizata na kula oili huku filta, klampu na mabomba yote yakiwa sawa sasa, kujaza oili nzito hakurudishi kitu. Pima kompresheni silinda kwa silinda, uone ni ngapi zimeguswa kabla hujaagiza spea. Mara nyingine vumbi liliingia kwa tundu lililo karibu na mlango wa silinda moja kwenye manifoldi (bomba linalogawa hewa kwa silinda), nayo peke yake ndiyo iliyoumia.